Ua la vanila halingoji mtu aliye shimoni

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama mnaobaki na shamba wakati sisi tuko karieri, leo siandiki juu ya mizani ya wanunuzi wala juu ya barieri za barabarani. Ninaandika juu ya maua. Msicheke kwanza. Katika nyumba nyingi za wachimbaji wa Butembo, Beni na Manguredjipa, mkono mmoja wa familia uko shimoni na mkono mwingine uko shambani. Shimo likikaa mwezi mzima bila kutoa kitu, ni kakao, vanila, kahawa ao ndizi ndiyo inalipa minervali ya watoto. Na kila kimoja cha vitu hivyo, mbele ya kuwa franga, kilianza na ua. Sisi tunajua kusoma jiwe: tunavunja, tunaosha, tunaangalia rangi. Kusoma ua hatujui, na hapo franga nyingi zinaanguka chini bila mtu kuziona.

Wale waliofika sekondari wanakumbuka maneno ya kifaransa yaliyokuwa kwenye ubao: sepali, petali, etamini, pistili. Tulinakili, tukapata pointi, mambo yakaisha. Tuyarudilie leo na kitu cha mkononi. Katika parseli nyingi za Butembo kuna marakuja iliyopanda juu ya ukuta. Chuma ua moja lililofunguka, kaa nalo kwenye mwanga.

Nje kabisa kuna majani matano magumu, kijani upande wa nyuma. Ni sepali, ndizo zilifunika ua lilipokuwa bado tumba. Ndani yake kuna mengine matano, meupe na laini: petali. Halafu kuna duara la nyuzi nyeupe na za zambarau. Hilo ni pambo la marakuja peke yake, linamwonyesha mdudu njia ya kufikia maji matamu yaliyo chini. Katikati inasimama nguzo ndogo. Kwenye nguzo kuna mikono mitano iliyoinama, kila mmoja umebeba kifuko chenye unga wa manjano. Hizo ni etamini, upande wa kiume. Juu yake kuna kidonge cha kijani, na juu ya kidonge mikono mitatu yenye vichwa. Hiyo yote ni pistili, upande wa kike. Mimi ninapenda kusema hivi: vichwa ni mdomo, mikono ni koo, kidonge ni tumbo. Tumbo hilo, kwa vitabu ovari, ndilo litakuwa tunda lenyewe. Ukilipasua na wembe utaona ndani vichembe vyeupe vidogo sana. Kila kimoja kinangoja kuwa mbegu.

Na yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao kavu za nyumba? Wengi wanamfukuza na moto. Kumbe yeye ndiye mfanyakazi wa marakuja. Anaingia kunywa, mgongo wake unagusa etamini, anaondoka na unga, na kwenye ua lingine mgongo uleule unagusa mdomo. Nyuki wadogo wa asali wanakuja pia, lakini mwili wao ni mdogo, mara nyingi wanachukua unga na kwenda zao bila kugusa mdomo. Sawa na wanunuzi fulani tunaowajua.

Sasa ninyi watu wa shimo, sehemu hii ni yenu. Ule unga wa ua, vitabu vya kiswahili vinauita chavua, haufanyi kazi kwa kugusa tu. Ni mchimbaji. Chembe moja ikitua kwenye mdomo, inakunywa unyevu, inavimba, inatoa mrija na kuanza kuchimba kushuka ndani ya koo mpaka tumboni. Ndani ya mrija inabeba mbegu mbili za kiume. Ikifika kwenye kichembe cheupe inaingia kupitia kitundu kidogo. Mbegu ya kwanza inaungana na yai, hapo ndipo unatoka mmea mtoto. Ya pili inatengeneza chakula cha mtoto yule. Unapokula bugali ya mahindi, unakula zaidi kile chakula ambacho mbegu ya pili ilikitengeneza. Mtoto mwenyewe ni ile sehemu ndogo ya ncha ya punje, ambayo kuku anaipenda.

Mahindi yanaonyesha kazi hii kuliko mmea wowote. Kile kishungi cha juu ni dume tupu, kazi yake ni kumwaga unga kwenye upepo. Jike liko kiunoni mwa mmea, ni gunzi changa, na zile nywele zake ni koo. Kila unywele unakwenda kwenye punje moja, hauchangii na mwenzake. Unywele ambao haukupata unga unaacha fasi tupu kwenye gunzi. Chembe ya unga wa mahindi ina upana wa karibu sehemu moja ya kumi ya milimetri, na unywele unaweza kuwa na sentimetri 20 na zaidi. Ile chembe inachimba njia yote hiyo kwa muda wa karibu siku moja. Nilipiga hesabu: ni mara 2 000 ya upana wake. Ni kama mtu wa metri 1,70 achimbe handaki ya zaidi ya kilometri 3 kati ya jana na leo, bila mbao za kushikilia wala pompi. Nilipoieleza hesabu hiyo karieri, PDG mmoja wa shimo aliuliza kama chembe hiyo inatafuta kazi.

Basi ukiona magunzi yenye mapengo, usikimbilie kusema ni uchawi wa jirani. Jua lilikauka wakati nywele zinatoka, ao mahindi yalipandwa mstari mmoja mrefu kando ya njia na upepo ukapeleka unga barabarani. Mahindi machache yanapandwa kwa kundi, mistari minne ao mitano mifupi, si mmoja mrefu.

Si kila mmea unafanya vilevile. Maharagi yanafunga ndoa ndani ya ua lao lenyewe, karibu kabla halijafunguka, ndiyo maana mbegu uliyoweka akiba inakurudishia maharagi yaleyale. Mpapai uko na namna tatu: jike, lenye maua makubwa yaliyobana kwenye shina, dume, lenye vikonyo virefu vinavyoning'inia na maua madogo mengi, na lile lenye yote mawili ndani ya ua moja. Watu wa Beni wanaujua mpapai vizuri, juu ya papaini, yale maziwa ya tunda bichi yaliyouzwa Ulaya tangu wakati wa Wabelgiji. Lakini hata leo ninaona watu wanakata dume zote kwa sababu "hazizai". Kama majike yako ni ya kweli, acha dume moja katikati ya kumi na kitu, la sivyo utangoja sana.

Ndizi nayo ni kinyume kabisa. Vidole vya ndizi vinatoka kwenye maua ya kike ya juu ya mkungu, na vinajaa bila unga wowote, ndiyo maana ndizi yetu haina mbegu. Ule moyo mwekundu unaoning'inia chini ni maua ya kiume, na kwa mkungu hauna kazi tena. Ila kwa ugonjwa uko na kazi kubwa. Ule ugonjwa wa kutoa usaha wa manjano ukikata shina, ulioonekana Masisi mwaka 2001 na kufika mpaka kwetu, unaingia sana kupitia vidonda vya maua hayo, wadudu wanaubeba mguuni. Vichane vya mwisho vikiisha kutoka, vunja moyo ule kwa kijiti chenye panda. Si kwa panga. Panga linabeba ugonjwa toka shina mpaka shina, isipokuwa umelipitisha kwenye moto ao kwenye Javel.

Neno moja juu ya shina na mizizi, maana ua halijilishi lenyewe. Ndani ya mti kuna mabomba ya namna mbili. Yale ya kwenye mbao yanapandisha maji kutoka chini. Yale ya chini ya ganda yanateremsha chakula kilichopikwa na majani. Waliolima quinquina kule juu Lubero wanajua: ukitoa ganda kuzunguka mti mzima, mti unakufa, hata kama mbao zote ziko nzima, kwa sababu mizizi imenyimwa chakula. Na mizizi inahema. Tunapochimba kando ya shamba na kumwaga udongo wa shimo juu ya mizizi ya kakao ya mtu, tunaifunga pumzi sawa na shimo ambalo pompi ya hewa imezimika. Mwenye shamba akija kulalamika, mchimbaji asimwambie "nilikugusa mti?"

Mabomba hayo ndiyo yalibadilisha historia ya Beni. Katika miaka ya 1980 na 1990, ugonjwa wa kuvu unaoitwa trakeomikozi uliziba mabomba ya maji ya kahawa robusta. Majani yananyauka, matawi yanakauka, na ukikwangua ganda unaona michirizi ya buluu-nyeusi kwenye mbao. Mashamba mazima yaliisha. Arabika ya milimani kwetu ilipona, lakini kule chini kwenye joto watu waling'oa kahawa na kupanda kakao, na baadaye wengi wakaongeza vanila. Familia zikatoka kwenye mmea ambao maua yake hayahitaji sana kuangaliwa, zikaingia kwenye mimea miwili yenye maua magumu sana.

Kakao kwanza. Ua lake ni dogo, halifiki sentimetri mbili, na halitoki kwenye tawi changa bali kwenye shina lenyewe, kwenye vinundu. Mti mmoja unatoa maelfu ya maua kwa mwaka, na katika 100 ni machache tu yanayofika kuwa tunda. Ua linafunguka alfajiri. Lisipopata unga, kesho yake ao keshokutwa linaanguka. Na unga wa kakao unanata, upepo hauwezi kuubeba. Nyuki naye ni mkubwa mno, mlango haumtoshi. Anayefanya kazi ni kiinzi kidogo sana, unaweza kukiona kama nukta inayoruka, na watu wengi hawajawahi kukiona maisha yao yote. Ndicho kimebeba biashara yote ile ya mwaka 2024, wakati bei ya kakao kwenye soko la New York ilipita dola 10 000 kwa tani moja.

Kiinzi hicho kinazaliwa wapi? Kwenye uchafu: majani yaliyooza na yenye unyevu, maganda ya kakao, vipande vya shina la mgomba lililokatwa. Sasa angalia namna tunavyotunza shamba letu. Baba anatoka karieri kwa mapumziko, anataka kuonyesha kwamba yeye ni mtu wa kazi, anafagia shamba la kakao mpaka udongo unang'aa kama kiwanja cha kanisa. Jirani wanasifu. Viinzi vimekosa nyumba. Mimi ninasema acha majani chini, kata migomba iliyozaa vipandevipande na uitupe katikati ya miti. Maganda mazima yabaki pia. Yale tu yaliyooza meusi yakiwa bado mtini, hayo toa na kuzika mbali, kwa sababu ni ugonjwa. Kama ni lazima kupuliza dawa ya wadudu, isiwe asubuhi maua yakiwa wazi.

Tena vile vinundu vya shina. Kinundu kimoja kinatoa maua mwaka huu, na mwaka ujao, na mwingine. Ukivuta tunda kwa kulizungusha mpaka linang'oka, ao ukilikata na panga lisilo kali na kuchubua ganda, umekiua kinundu. Kidonda hakitatoa ua tena. Na wezi wa kakao, wanaovuna usiku mbiombio, hawaibi tu tunda la leo. Wanaiba na ya miaka inayokuja.

Sasa vanila, ambayo ndiyo imenifanya niandike. Huu ni mmea wa Meksiko. Kwao kuna wadudu wanaojua mlango wake. Huku kwetu hakuna. Ndani ya ua, dume na jike vimekaa karibu sana, lakini kati yao kuna kiulimi, kama pazia, kinachozuia unga usiguse mdomo. Zaidi ya miaka 300 wazungu walibeba vanila huku na huku duniani, ikawapa majani na maua tu, bila tunda. Mwaka 1836, Charles Morren wa Liège, kule Ubelgiji, alifaulu kuizalisha kwa mkono ndani ya nyumba ya vioo. Lakini njia nyepesi, ile inayofuatwa hata leo Mutwanga na Oicha, ilitoka kwa mtoto wa miaka 12. Jina lake Edmond Albius, mtumwa mweusi kwenye kisiwa cha Réunion, mwaka 1841. Alitumia kijiti na kidole gumba. Kisiwa kilitajirika kwa kidole hicho. Yeye alipata uhuru mwaka 1848, watumwa wote walipofunguliwa, na akafa maskini mwaka 1880. Mtu wa sendika akisoma hayo hahitaji kufafanuliwa.

Kazi yenyewe ni hii. Shika ua kwa mkono wa kushoto, pasua kidogo ule mdomo wa petali uliojikunja kama bomba, na kijiti laini inua kiulimi, halafu na kidole gumba sukuma kifuko cha unga kishuke kwenye mdomo wa jike. Ni sekunde chache. Mtu mwenye mkono mwepesi anapita maua elfu moja kwa asubuhi moja. Ile inayoonekana kama kikonyo cha ua siyo kikonyo. Ni tumbo, ndiyo ganda la vanila lenyewe lililo changa, kwa hiyo usilivunje wakati wa kushika. Na usifungishe ndoa maua yote ya kichala kimoja. Nane ao kumi yanatosha, ukizidisha unachosha mmea na maganda yanakuwa mafupi.

Lakini ua hili linafunguka alfajiri na mchana limekwisha. Maua ya kichala yanafuatana, moja kwa siku hivi, wiki kadhaa. Kila asubuhi mtu lazima awe shambani, na saa nzuri ni kati ya saa kumi na mbili na saa tano. Tangu mwezi wa kumi 2014, mauaji ya ADF yamefunga njia nyingi za mashamba katika teritware ya Beni. Mama akingoja mpaka askari wapite, mpaka aambiwe njia imefunguka saa nne, akifika saa tano na nusu anakuta maua yameanza kufunga. Hakuna mwizi aliyepita, hakuna ugonjwa, shamba liko kijani kabisa. Mavuno ya siku ile yamekwenda tu. Watu wa misaada wanapohesabu hasara ya vita wanahesabu magunia yaliyoibwa. Ua lililofunga bila kuguswa halimo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Upande wa pili ni sisi wenyewe. Katika mashimo mengi, mchimbaji akitoka wiki mbili, fasi yake inachukuliwa na sehemu yake ya mchanga inapotea. Kwa hiyo anabaki shimoni, na mke wake anakimbizana peke yake na maua mia nane kwa asubuhi, mtoto mgongoni. Mimi nimelipeleka jambo hili kwenye mkutano wetu: mchimbaji mwenye vanila apewe ruhusa ya msimu wa maua na fasi yake ilindwe, sawa na mgonjwa. Wengine walicheka. Wanaojua bei ya kilo moja ya vanila kavu hawakucheka, ijapokuwa kilo hiyo inataka kilo 5 ao 6 za mbichi.

Wengine wanatafuta vijana na wamama wa kuwasaidia, na hapo kuna ubaya mwingine. Nimeona mwenye shamba mmoja, jina ninaliacha, analipa kazi ya asubuhi nzima kwa sabuni na chumvi. Kule Réunion kazi hii ina jina lake, wanawake hao wanaitwa marieuses, wenye kufungisha ndoa, na wanajulikana kama watu wa ufundi. Kwetu anaitwa "msaidizi". Ninaona afadhali malipo yawe na sehemu mbili: sehemu ya asubuhi ile kwa pesa, na nyingine kwa hesabu ya maganda yaliyoshika.

Hesabu hiyo ifanyike siku ya tatu, si jioni ya siku ileile. Ua ambalo halikushika linaanguka lenyewe kwa siku moja ao mbili. Lililoshika linanyauka lakini linabaki limening'inia kwenye ncha ya ganda. Na mwenye shamba asidanganywe na urefu: ganda linafikia urefu wake wote kwa wiki sita mpaka nane, lakini ndani bado ni bichi. Linahitaji miezi 8 ao 9 tangu siku ya ndoa, mpaka ncha yake ianze kugeuka manjano. Anayekuja kununua kwenye mwezi wa tano, akisema limeshafika, anataka alinunue kwa bei ya majani.